Merikebu za Mlimani: Ipi Yakupa Haki ya Pesa Yako?

Iko merikebu moja ambayo haijapata kuguswa na maji ya chumvi. Imetia nanga katika msitu wa Aberdare, juu ya Nyeri, zaidi ya futi 7,000 kutoka usawa wa bahari, na jina lake ni The Ark, yaani Safina. Waliyoijenga waliiga kwa makusudi ile safina ya Nabii Nuh, alayhi s-salaam, kama wachoraji wanavyoifikiria. Ubavu wake ni wa mbao tangu omo hadi tezi, na mgeni huingia kwa kupita juu ya daraja refu lililoinuliwa juu ya miti. Ndani mna sitaha moja juu ya nyingine na vyumba vidogo vidogo kama vya mabaharia. Chini kabisa, mahali ambapo katika jahazi letu pangekuwa ngama, mna chumba cha kujificha chenye matundu, ambamo mtu husimama akamtazama ndovu usawa wa magoti.

Hoteli hiyo imekuwa hapo kwa zaidi ya nusu karne, na si peke yake. Nyeri na Nanyuki zina hoteli kadhaa ambazo, ukizitazama kwa jicho la mtu wa pwani, ni merikebu kabisa. Ukishaingia, umeingia. Huwezi kutoka nje kununua mkate dukani. Utakula watakachopika, utalala watakapokulaza, na bei uliyolipa mwanzo ndiyo itakayoamua kama utatelemka unacheka au unanung'unika.

Naeleza haya kwa sababu nilitumwa. Mtaani kwetu Mombasa kina mama kumi na mmoja wana upatu wao wa miaka mingi. Mke wangu ndiye mweka hazina na mamake, yaani mama mkwe wangu, ndiye mwenyekiti. Mwaka huu waliamua kwamba baada ya kuozesha, kusomesha na kujenga, sasa nao wataizuru dunia kidogo. Shauri la kwanza lilikuwa meli. Wasomaji wa Mombasa wanazijua meli hizo za watalii ziingiapo Kilindini, nyeupe pe, ndefu kuliko mtaa, zenye madirisha kama nyumba ya nyuki. Watu hupanda Likoni feri kwa makusudi wapate kuzitazama. Kina mama wakaniambia niulize bei.

Niliuliza. Kampuni moja ilikuwa rahisi lakini chumba hakina dirisha. Ya pili ilikuwa na dirisha lakini hutoza kila siku fedha za watumishi, juu ya nauli. Ya tatu ilijivunia kwamba vinywaji vyote vimo ndani ya bei, na nilipotazama hivyo vinywaji nikaona ni mvinyo na ndugu zake. Pesa ya wanachama wote kumi na mmoja ingewapandisha wawili tu, tena bila ya nauli ya ndege ya kuifuata meli huko inakoanzia safari. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, kwa hivyo mimi nitamlipia mlevi pombe yake?"

Swali hilo moja ndilo lililotupeleka mlimani, na ndilo nililolitumia kupimia kila hoteli. Msafiri Mwislamu akiletewa orodha ya vitu anavyopewa, kwanza afute vile asivyoweza kuvitumia, kisha ndiyo aigawe bei kwa vilivyobaki. Hoteli inayoonekana rahisi yaweza kugeuka ghali mno.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Ami yangu, Mungu amrehemu, alisafiri kutoka Bombay hadi Mombasa katika Karanja, mojawapo ya meli za kampuni ya British India zilizokuwa zikienda hadi Durban. Dada yake ilikuwa Kampala. Alipanda daraja la sitaha, yaani na mkeka wake na sanduku lake la bati. Alikuwa akitusimulia kwamba chakula kilipikwa katika majiko mbalimbali, la Wahindu kando na la Waislamu kando, na hakuna aliyelazimika kuuliza kilichomo chunguni. Walikuwa hawana godoro, lakini hawakulipia hata senti moja kwa jambo wasilolitaka.

Tuanze na kongwe la merikebu za mlimani. Mwaka 1928 Mwingereza mmoja, Eric Sherbrooke Walker, na mkewe Lady Bettie, walifungua hoteli ya Outspan pale Nyeri, kando ya mto Chania. Walker huyu alikuwa amewahi kuwa karani wa Baden-Powell, mwasisi wa skauti, na kabla ya kuja Kenya alikuwa mvushaji wa pombe ya magendo kwenda Marekani wakati ilipopigwa marufuku huko, jambo ambalo aliliandikia kitabu kwa jina la bandia. Kwa hivyo anayeshangaa kwa nini baa ina mahali pa heshima katika hoteli hizi, aanzie hapo. Baden-Powell mwenyewe alikuja kujengewa nyumba ndogo katika uwanja wa Outspan mwaka 1938, akaiita Paxtu, akafariki humo Januari 1941. Kaburi lake liko Nyeri mpaka leo, na maskauti wa dunia nzima huja kulizuru.

Mwaka 1932 Walker akajenga kibanda cha vyumba viwili juu ya mti mkubwa wa mugumo msituni, akakiita Treetops. Wageni walikwenda kwa miguu wakisindikizwa na mwindaji mwenye bunduki, na njiani palipigiliwa ngazi mitini ili wakitokewa na ndovu au mbogo wapate pa kukimbilia. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 alilala humo binti mfalme Elizabeth na mumewe. Usiku huo babake akafariki huko Uingereza, naye akawa malkia pasipo kujua, mpaka habari zilipomfikia siku ya pili akiwa Sagana Lodge. Mei 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakakichoma moto kibanda hicho. Kilijengwa upya mwaka 1957, kikubwa zaidi, ng'ambo ya pili ya bwawa, na malkia akarudi kukitazama mwaka 1983.

Zamani hizo mtu wa rangi yetu hakuwa mgeni huko. Alikuwa mpishi, mbeba mizigo au mwenye kusimama nyuma ya kiti. Mugumo nao ni mti ambao Wakikuyu waliuheshimu tangu kale na kuomba chini yake, na msitu ule ule ndio waliojificha humo watu wa Kimathi, ambaye alikamatwa karibu na Nyeri Oktoba 1956 akanyongwa Februari 1957. Haya hayamo katika orodha ya wanavyokupa hotelini, lakini dereva yeyote wa Nyeri atakusimulia ukimpa nafasi, na bure. Wetu alituonyesha ukingo wa msitu akasema babu yake aliingia pale na hakutoka.

Treetops ilifunga milango wakati wa janga la korona, na malkia alipofariki Septemba 2022 ilikuwa bado imefungwa. Basi mwenye hamu nayo apige simu kwanza kabla ya kufunga safari. Sifa yake siku zote ilikuwa historia na chai ya alasiri juu ya paa, ambako nyani walikuwa hodari wa kunyakua keki mkononi mwa mgeni. Vyumba vilikuwa vyembamba mno. Aliyelipia kitanda alikuwa hasarani, aliyelipia kusema "nilikuwapo" alipata haki yake.

Sasa turudi katika Safina, kwa kuwa hapo ndipo tulipolala, mimi, mke wangu na mama mkwe.

Mpango wake ni wa meli hasa. Huendi mpaka mlangoni na gari lako. Unakwenda kwanza katika hoteli ya chini, Aberdare Country Club, karibu na Mweiga, unapata chakula cha mchana, kisha alasiri basi la hoteli linakupandisha msituni pamoja na wengine. Mizigo mikubwa huachwa chini, kila mtu hupanda na kifurushi cha usiku mmoja. Mama mkwe alikuwa amekuja na kikapu cha mahamri, kachiri na chupa mbili za achari ya maembe, kwa sababu hajapata kuamini jiko asiloliona. Kikapu kilibaki chini. Kanga zake tatu, msala na tasbihi vilipanda.

Tulipoingia, chai na keki vilikuwa tayari. Chumba ni kidogo, narudia, kidogo. Vitanda viwili, bafu, dirisha. Mke wangu alikunja uso, maana kwa bei ile Mombasa angepata chumba cha kucheza mpira. Lakini katika merikebu hii chumba si mahali pa kukaa, na ukilijua hilo hasira hupungua. Mahali pa kukaa ni sitaha na ukumbi wa vioo unaotazama bwawa lililo chini ya omo. Kando ya bwawa humwagwa chumvi, na chumvi ndiyo inayowavuta wanyama. Sisi tunaoijua chumvi inavyovunwa Gongoni na Marereni hatukudhani kwamba ndovu wa mlimani wana kiu nayo kiasi kile. Hupiga magoti, wakachimba udongo kwa pembe, wakaulamba.

Jua lilipotua waliwasha taa kubwa. Walikuja mbogo kwanza, kama ishirini, wakasimama bila ya kufanya lolote kwa muda wa saa nzima, mfano wa watu wanaongoja kivuko. Akaja fisi. Wakaja nguruwe wa msituni, weusi, wakubwa kama ndama, na mama mkwe akageuza kiti chake akaomba aambiwe watakapoondoka. Baada ya chakula akapita kanu juu ya boriti, mrefu, madoadoa, mwepesi kama paka wa Lamu, akaenda zake.

Katika kila chumba mna kengele. Mlinzi wa usiku hukesha akitazama bwawa, na akija mnyama mkubwa hupiga kengele ili waliolala waamke. Asiyetaka huizima. Kijana mmoja wa Nyeri, mtumishi wa ukumbini, alimwuliza mama mkwe kama angependa kengele yake iachwe. Akamwita "shosho", ambalo kwa Kikuyu ni bibi, na mama mkwe, asiyejua neno hilo, akalipenda papo hapo. Akamjibu, "Mjukuu wangu, mwenye kuzoea kuamka usiku hana haja ya kengele."

Ikawa hivyo. Kengele ililia saa tisa na robo usiku. Mimi na mke wangu tulitoka tumejifunga mablanketi, na tulipofika katika ukumbi wa vioo tulimkuta bibi yetu ameketi pale tangu saa nane na nusu. Ameshasali, tasbihi mkononi, na ndovu kumi na wanne mbele yake, na watoto wao wawili wakisukumana chini ya matumbo ya mama zao. Kijana wa Nyeri amesimama kando yake. Hakuna aliyesema neno. Walikunywa, wakalamba chumvi, kisha wakageuka wote kwa pamoja kana kwamba mmoja wao ametoa amri ambayo sisi hatukuisikia, wakaingia gizani bila ya kishindo. Wanyama wa uzito ule, na sikusikia hata tawi likivunjika.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu yangu. Mgeni aliyelipa mara mbili yetu kwa kuwa yeye ametoka ng'ambo, na sisi tuliolipa bei ya wakazi wa Afrika Mashariki, tuliketi kwenye viti vya namna moja, tukawatazama ndovu wale wale. Katika meli za baharini mwenye fedha hununua roshani yake peke yake. Katika Safina dirisha kubwa ni la wote, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko chochote kilichoandikwa katika karatasi zao.

Lakini jihadharini na vitu ambavyo havimo. Kiingilio cha hifadhi si cha hoteli, ni cha Shirika la Wanyamapori, hulipwa kando kwa njia ya eCitizen, na kwa watu kumi na mmoja si kitu cha kusahau. Kulipiwa milo yote si kulipiwa maji ya chupa na soda, hivyo uliza. Watoto nao waulizie mapema, maana kwa miaka mingi hoteli hizi za kukesha zilikuwa zikiwakataa wadogo sana, kwa sababu kilio kimoja cha mtoto hufukuza mbogo ishirini.

Kuhusu chakula nimeuliza kila mahali, tena jikoni na sio mapokezi. Jibu nililopata mara nyingi ni kwamba ng'ombe na mbuzi hutoka machinjioni ambako mchinjaji ni Mwislamu, kama ilivyo desturi katika machinjio mengi ya Kenya, ili nyama iuzwe kwa watu wote. Kuku ndiye mwenye mashaka, kwa sababu huletwa kutoka kwa wafugaji mbalimbali. Katika hoteli moja, ambayo sitaitaja, niliambiwa kila kitu ni halali, na asubuhi nikaona kijiko kimoja kikitoka katika sinia ya nyama ya nguruwe kikiingia katika sinia ya mayai. Nilimwita mkuu wa jiko, akaomba radhi, akatuletea mayai mapya katika sahani zilizofunikwa. Mtu wa kundi kubwa afadhali aandike barua au apige simu wiki moja kabla. Jiko likijua wanakuja watu kumi na mmoja wa imani moja, hupanga.

Au ale samaki. Mito ya baridi ya huku ina trauti, ambaye si mwenyeji. Aliletwa mwaka 1905 na Mwingereza Grogan, akatiwa katika mto Gura unaotelemka kutoka Aberdare, akazaana, na Kiganjo kuna kituo cha serikali cha kuwazalisha. Nyama yake ni laini, ya rangi ya waridi, na huliwa na limau. Mke wangu anasema ni mtamu ila amekosa tui. Mama mkwe anasema samaki asiyeijua bahari hana mambo mengi ya kukuambia. Mimi nilimaliza wangu na nusu ya wake.

Merikebu ya tatu ni ya matajiri, nayo ni Mount Kenya Safari Club ya Nanyuki. Palikuwa na nyumba ya fahari ya miaka ya 1930 iliyoitwa Mawingo. Mswahili angeandika Mawingu, lakini wenyewe hawakutuuliza. Mwaka 1959 mwigizaji wa sinema William Holden na wenzake wawili, tajiri wa mafuta Ray Ryan na mwenye benki wa Uswisi Carl Hirschmann, waliigeuza kuwa klabu ya watu wakubwa wa dunia. Baadaye ikapita mikononi mwa Adnan Khashoggi, yule mfanyabiashara wa Saudia. Mstari wa Ikweta hupita katika uwanja wake, mlima uko mbele yako, nyasi zimekatwa kama zulia, na jioni huwashwa moto wa kuni katika meko.

Ni pahali pazuri, sitasema vinginevyo. Lakini piga ile hesabu ya mama mkwe. Gofu, farasi, baa na mvinyo wa chakula: kina mama wetu wangetumia nini hapo? Bustani na meko. Kwa bei ya usiku mmoja wangekaa mjini Nyeri siku kadhaa. Kitu kimoja pale jirani kinastahili safari, nacho ni hifadhi ya wanyama ambako wanazalishwa bongo wa mlimani, paa mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe, ambaye porini wamebaki pungufu ya mia moja. Mwaka 2004 waliletwa kumi na wanane kutoka Marekani, wazao wa wale waliochukuliwa huku zamani, na tangu 2022 wameanza kurudishwa msituni kidogo kidogo. Mgeni asiyelala klabuni huweza kuwazuru mchana kwa kulipa kiingilio, na hilo ndilo ninalowashauri wenye kifuko kama changu.

Inabaki daraja la sitaha, kama la ami yangu katika Karanja. Nalo ni kulala katika nyumba za wageni za mjini, Nyeri, Karatina au Nanyuki, na kukodi gari siku kwa siku. Msomaji asidhani kwamba atakuwa mgeni wa mbali. Nyeri ina Majengo yake na Nanyuki ina Majengo yake, na mwenye kuijua Majengo ya Mombasa anajua jina hilo lina maana gani: Waislamu waliokuja na misafara, na jeshi, na biashara, wakajenga, wakaoa, wakakaa. Utaamkiwa kwa salamu. Utapata pilau, ingawa itakuwa na viazi vingi kuliko ulivyozoea, na chai ya maziwa yenye maziwa kweli. Msikiti uko karibu, nawe huna haja ya kumwuliza mpishi lolote. Kasoro yake ni kwamba usiku hutaona ndovu, utasikia matatu.

Kibla nacho nitakieleza, kwa sababu nilibishana juu yake na watu wawili. Mombasa tunaelekea kaskazini karibu barabara kabisa. Nyeri ni kaskazini pia, ila unainama kidogo upande wa mashariki, na mlima hukaa mbele yako kuliani. Ukifika Naro Moru mlima uko begani kulia. Ukifika Nanyuki umeshaupita, uko kuliani nyuma yako. Asiye na dira na atumie mlima, mradi asubuhi kusiwe na ukungu.

Na mlima wenyewe, nao ndio uliokuwa shabaha ya mama mkwe tangu mwanzo, hauuzwi na hoteli yoyote. Kilele chake kina mita 5,199, na kwa kawaida huonekana alfajiri tu. Kunapopambazuka uko wazi, mweusi, wenye meno, na vipande vyeupe vya barafu katikati ya meno. Saa tatu au saa nne umejifunika mawingu, na watalii waliolala mpaka chakula cha asubuhi huondoka wakidai kwamba hawakuona kitu. Sisi tulitoka tuliposali tukauona wote. Barafu hiyo yapungua. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa taarifa kwamba huenda ikatoweka kabisa kufikia 2050, na wazee wa Nyeri wanaonyesha kwa kidole mahali ilipokuwa ikifika walipokuwa watoto. Mama mkwe aliitazama kwa muda mrefu, akauliza kama inayeyuka ikaenda wapi. Dereva akamwambia baadhi yake yaingia mto Tana. "Basi inakuja kwetu," akasema, na kweli, Tana huingia baharini kwetu, kusini kidogo ya Lamu, huko Kipini.

Shauri nililowapelekea kina mama, nao wakalikubali baada ya kikao kirefu kuliko safari yenyewe, ni hili: usiku mmoja katika Safina, usiku mbili Nyeri mjini katika nyumba ya wageni iliyo karibu na msikiti, na siku moja ya kuzuru Nanyuki na bongo wake. Klabu wataitazama kutoka barabarani. Wawili walitaka Treetops kwa sababu ya malkia, wakaambiwa malkia hayupo.

Kwa wenye kutaka kufuata nyayo, njia ni rahisi. Treni ya Madaraka hadi Nairobi, kisha matatu za Nyeri, kiasi cha kilomita 150. Reli ya zamani ya Nanyuki ilifufuliwa Desemba 2020, hupita Murang'a, Sagana, Karatina na Kiganjo, nayo ni ya polepole mno, kwa mtu asiye na haraka. Uliza siku zake kabla ya kwenda stesheni. Chukua sweta mbili, si moja. Usiku kipimo hushuka chini ya digrii 10, na maji ya udhu hukumbusha mtu kifo. Baadhi ya hoteli humtilia mgeni kitandani chupa ya mpira yenye maji ya moto, imevishwa kitambaa cha manyoya. Waambieni wazee mapema. Mke wangu alipotia mguu akaugusa mnyama wa joto chini ya blanketi, ukelele wake ulifika bwawani.

Na Nanyuki, penye kibao cha Ikweta, mtakutana na vijana wenye beseni na kijiti. Kwa malipo madogo watawaonyesha kwamba hatua chache kaskazini ya mstari maji huzunguka upande mmoja, na hatua chache kusini huzunguka upande mwingine. Wenye elimu ya fizikia wanasema nguvu ya dunia haifanyi kazi kwa beseni wala kwa hatua ishirini, na kwamba siri iko katika namna kijana anavyoyamwaga. Nilimtazama mkono wake kwa makini mara tatu sikuuona unavyocheza. Mama mkwe alilipa, akachukua cheti chenye jina lake, na sasa kimetundikwa sebuleni, chini ya picha ya Al-Kaaba.